Je, Ni Kifo Kilichomkuza Ayrton Senna?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi nimeanza kutazama mbio za magari za Formula 1 kwa sababu ya Lewis Hamilton. Kila ninapokaa na watu wazima nasikia hakuna dereva kama Ayrton Senna. Nimeangalia takwimu, naona ana mataji matatu tu. Schumacher na Hamilton wana saba kila mmoja. Hata Nelson Piquet, Mbrazili mwenzake, ana matatu na simsikii mtu akimlilia. Niambie ukweli: Senna alikuwa bora kiasi hicho, au anatukuzwa kwa kuwa alifia mbele ya kamera? Halafu, ni kweli aliwahi kumgonga mwenzake makusudi?"

Marahaba mwanangu. Swali lako ni la haki, na usimwogope anayekwambia huna adabu kwa kuliuliza. Mimi nimekuwa kwenye gereji za magari ya mashindano tangu ujana wangu, na mabishano kuhusu Senna nimeyasikia kwa miaka thelathini. Nikupe jibu fupi kwanza, halafu tuingie ndani. Kifo kilimwongezea mapenzi na kilimfutia makosa. Kasi hakikumwongezea hata chembe, kwa sababu kasi ile ilishaonekana na kupimwa miaka kumi kabla hajafa. Na ndiyo, mwaka 1990 alimgonga mpinzani wake mkubwa, Mfaransa Alain Prost, kwa kukusudia, na alikuja kukiri kwa kinywa chake.

Ayrton Senna da Silva alizaliwa São Paulo, Brazili, tarehe 21 Machi 1960. Usimwazie kama mtoto wa kibandani aliyeokolewa na kipaji. Baba yake, Milton da Silva, alikuwa mtu wa mali, mwenye karakana ya vyuma. Mtoto alipofika miaka minne, baba alimtengenezea kigari kidogo chenye injini ya mashine ya kukatia majani, nguvu ya farasi mmoja. Mama yake alikuwa na wasiwasi kwamba mwanawe ni mzito wa viungo, anajikwaa kwenye ngazi. Akiwekwa kwenye kigari, uzito ule ulikuwa haupo.

Mashindano ya karti, vile vigari vidogo vya mbio, alianza akiwa na miaka 13, kwenye uwanja wa Interlagos, São Paulo. Hapa kuna jambo ambalo naomba ulishike kwa sababu litarudi mara nyingi. Mara ya kwanza aliposhindana kwenye mvua aliaibika, wenzake wakimpita kushoto na kulia. Tangu siku ile, mvua ikinyesha São Paulo, watu wakikimbilia chini ya mabati, yeye alibeba karti yake kwenda uwanjani. Alizunguka peke yake kwenye maji mpaka giza liingie. Ukimsikia mtu akisema Senna alizaliwa anaijua mvua, mwambie hapana, aliisomea.

Mwaka 1977 alikuwa bingwa wa karti wa Amerika ya Kusini. Ubingwa wa dunia wa karti hakuupata kamwe. Alikuwa wa pili mwaka 1979, na wa pili tena mwaka 1980. Hata alipokuwa bingwa wa dunia wa Formula 1, bado alikuwa akizikumbuka karti kama mashindano yaliyokuwa safi kuliko yote, mbio tupu, bila siasa wala pesa.

Alihamia Uingereza mwaka 1981, kijana wa miaka ishirini na mke mdogo asiyeipenda baridi, akaendesha Formula Ford, daraja la wanaoanza, na kuchukua mataji mawili msimu wake wa kwanza. Halafu akatangaza anaacha. Familia ilimtaka nyumbani asimamie biashara. Alikaa Brazili miezi michache, akaona hawezi, akarudi. Ndoa haikurudi naye. Kipindi hicho alibadili na jina la mashindano: Brazili ukiita "da Silva" barabarani nusu ya mtaa inageuka, kwa hiyo akachukua Senna, jina la ukoo wa mama yake. Inafurahisha kwamba Piquet naye alikimbia kwa jina la upande wa mama, ila yeye alifanya hivyo ili baba yake, aliyewahi kuwa waziri wa afya, asijue mwanawe yuko kwenye magari.

Mwaka 1983 uko kwenye rekodi za Formula 3 ya Uingereza, daraja la chini ya Formula 1, na unastahili kuutazama pande zote mbili. Upande mmoja, Senna alishinda mbio tisa za kwanza za msimu mfululizo. Upande wa pili, mpinzani wake Martin Brundle alipoanza kumkaribia, Senna alishindwa kukubali nafasi ya pili hata siku ambazo nafasi ya pili ingemtosha. Alijaribu kupita mahali pasipo na nafasi, na pale Oulton Park gari lake liliishia juu ya gari la Brundle. Taji alilipata kwenye mbio za mwisho kabisa. Kila kilichokuja kutokea kati yake na Prost kule Suzuka, Japani, baadaye, mbegu yake iko hapo. Ni mtu yule yule.

Sasa tufike mwaka 1984, maana ndio utakaokujibu swali lako vizuri kuliko miaka ya mataji.

Aliingia Formula 1 na Toleman, timu ndogo isiyo na pesa. Pointi yake ya kwanza aliipata hapa barani kwetu, Kyalami, Afrika Kusini, alipomaliza wa sita huku pua ya gari ikiwa imevunjika. Alichoka hata ikabidi watu wamtoe ndani ya gari. Baada ya hapo alikwenda kujijenga mwili, na hilo halikujirudia kwa urahisi.

Tarehe 3 Juni walikimbia Monaco, mvua ikimwagika. Barabara za pale unazijua kwenye televisheni: vyuma pande zote mbili, kosa la shubiri moja na siku yako imekwisha. Senna alianza wa 13 na gari ambalo siku kavu halikuwa na haki ya kuonekana karibu na yale ya McLaren, timu kubwa ya Prost na Niki Lauda. Akaanza kula mmoja mmoja. Mzunguko wa 19 alimpita Niki Lauda, bingwa wa dunia mara mbili, akawa wa pili. Prost aliyekuwa mbele alikuwa na mwanya wa zaidi ya nusu dakika. Mwanya ule ukawa unayeyuka, sekunde tatu huku, nne kule, mpaka Prost, breki zikimsumbua, akawa anapunga mkono akipita mstarini, akiomba mbio zisimamishwe. Zilisimamishwa. Senna alimpita Prost kwenye mstari na kunyanyua mkono akidhani ameshinda, kumbe sheria inahesabu mzunguko uliotangulia. Akaandikwa wa pili.

Kuna mambo mawili ya kuongeza hapo, na moja halimpendelei Senna. Nyuma yake alikuwepo kijana Mjerumani, Stefan Bellof, wa tatu, naye akija kwa kasi ya kutisha. Kwa hiyo siku ile hakuwa Senna peke yake aliyetembea juu ya maji. La pili ni kwamba kwa kuwa mbio hazikufika mbali, pointi ziligawanywa nusu. Prost alipata 4.5 badala ya 9. Mwisho wa msimu alilikosa taji kwa nusu pointi, 71.5 kwa 72 za Lauda. Laiti angeacha mbio ziendelee, akapitwa, akamaliza wa pili kwa pointi sita kamili, angekuwa bingwa.

Mwezi mmoja baadaye walikuwa Dallas, Marekani, kwenye uwanja uliojengwa kwa matofali makubwa ya zege. Senna aligonga ukuta. Akarudi kwa mhandisi wake, Pat Symonds, akamwambia hajui amegongaje, labda ukuta umesogea. Wewe ungekuwa mhandisi ungesemaje? Ukuta wa zege usogee! Lakini Senna hakuacha, wakatembea kwa miguu mpaka pale. Walikuta kuna gari lililokuwa limeligonga tofali lile kwa nyuma, ncha yake ya mbele ikachomoza barabarani milimita chache. Milimita, mwanangu. Mtu anapita pale mzunguko kwa mzunguko kwa kasi ile, gari likipita karibu na zege kiasi kwamba milimita chache ni ajali, na alikuwa na uhakika wa alipokuwa akilipitisha kuliko uhakika wa watu kwamba ukuta hausogei. Symonds ameisimulia habari hii mara nyingi, kwamba siku ile ndiyo aliyotambua ana mtu wa aina gani mikononi.

Wakati huo Senna alikuwa hajashinda hata mbio moja ya Formula 1. Kifo kilikuwa miaka kumi mbele.

Ushindi wa kwanza ulikuja Estoril, Ureno, tarehe 21 Aprili 1985, akiwa na timu ya Lotus. Mvua tena. Aliongoza mwanzo hadi mwisho. Prost alipoteza gari kwenye barabara iliyonyooka, si kwenye kona. Senna alimaliza zaidi ya dakika moja mbele ya Michele Alboreto, na wengine wote walikuwa wamezidiwa mzunguko mzima au zaidi. Kuna mahali gari lake liliingia kwenye majani kwa matairi yote manne likarudi barabarani. Watazamaji walimsifu kwa ufundi wa kuliokoa. Yeye alisema ilikuwa bahati tu, gari lilijirudia lenyewe. Nampenda kwa hilo.

Sasa alikuwa akifanya nini tofauti? Niseme kama fundi. Ukiwa umewahi kuendesha gari kwenye barabara ya mfinyanzi baada ya mvua unajua kwamba tairi haikuachi ghafla. Inakuaga kwanza. Kuna sekunde ndogo ambapo bado inashika lakini imeanza kuteleza, na hapo ndipo penye mwendo. Dereva wa kawaida akihisi hivyo anapunguza, anangoja gari litulie, halafu anakanyaga mafuta mara moja akitoka kwenye kona. Senna katikati ya kona alikuwa akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, mguu ukitetemeka kama wa mshona nguo kwenye cherehani. Wengine walidai ni mbinu ya kuiweka turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa kwenye injini, ikizunguka ili isichelewe kuitika, na kweli kwenye injini za turbo ilimsaidia. Ila alikuwa akifanya hivyo tangu karti zisizo na turbo, na aliendelea nayo baada ya turbo kupigwa marufuku mwisho wa 1988. Naamini alikuwa akiiuliza tairi swali lile lile kila robo ya sekunde: bado upo? Na barabara inapobadilika kila mzunguko, mvua ikizidi hapa na kupungua pale, anayeuliza mara nyingi ndiye anayepata jibu jipya. Wengine wakiendesha kwa kumbukumbu ya mzunguko uliopita, yeye alikuwa na habari za sasa hivi.

Miaka mitatu ya Lotus naipita haraka: ushindi mara sita, mmojawapo Jerez, Hispania, mwaka 1986, alipomshinda Nigel Mansell kwa sekunde 0.014. Ila simama kidogo Detroit mwaka huo huo, tarehe 22 Juni. Siku iliyotangulia Brazili ilitolewa kwenye Kombe la Dunia na Ufaransa, kwa penalti. Lotus ilitumia injini za Renault, kwa hiyo Senna alizungukwa na mafundi Wafaransa wenye furaha, na usiku ule hawakumwacha apumue. Kesho yake akashinda, na wa pili na wa tatu walikuwa Wafaransa, Jacques Laffite na Prost. Akimalizia mzunguko wa kutembea taratibu alimwona shabiki mwenye bendera ya Brazili, akaiomba, akaipeperusha kutoka ndani ya gari. Tangu hapo ikawa desturi yake. Ukitaka kujua kwa nini Wabrazili wanamlilia kuliko Piquet, usitafute kwenye takwimu, anzia hapo. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye utawala wa kijeshi mwaka 1985, bei zikipanda hadi mshahara unayeyuka kabla ya mwisho wa mwezi, na timu ya taifa ya mpira haikuwa imechukua Kombe tangu 1970. Jumapili asubuhi palikuwa na mtu mmoja anayeshinda akiwa na bendera yao. Piquet alikuwa dereva hodari na mjanja kwelikweli wa magari, ila hakuwa na hamu ya kuwa mali ya watu. Senna alitaka.

Mwaka 1988 akahamia McLaren yenye injini za Honda, na ndani ya timu hiyo alikuwemo Prost. Hapa ndipo pa kupimia, kwa kuwa gari ni moja. Walishinda mbio 15 kati ya 16 za msimu, Senna nane na Prost saba. Kwenye mbio za kutafuta nafasi za kuanzia, Senna alianza wa kwanza mara 13 mwaka 1988, na mara 13 tena mwaka 1989. Mbele ya nani? Mbele ya mtu aliyekuja kustaafu na mataji manne. Monaco mwaka 1988 alimwacha Prost, kwenye gari lile lile, sekunde 1.427 katika mzunguko mmoja. Baadaye alieleza kwamba siku ile alifika mahali ambapo alikuwa haendeshi tena kwa kufikiri, kama aliye kwenye handaki, mpaka akashtuka, akaogopa, akalirudisha gari taratibu gereji na hakutoka tena. Kesho yake, akiongoza kwa mbali, aliambiwa apunguze mwendo, akapunguza, akagonga ukuta karibu na mlango wa handaki la Monaco. Akashuka, akaenda kwa miguu nyumbani kwake, maana alikuwa na nyumba pale pale, na timu haikumpata mpaka jioni. Nadhani kupunguza ndiko kulikomwangusha. Mtu aliyezoea kuuliza barabara kila sekunde, akiambiwa apumzike, anasinzia.

Lakini usiniruhusu nikuuzie upande mmoja. Mwaka ule wa 1988 Prost alikusanya pointi 105, Senna 94. Sheria za wakati huo zilihesabu matokeo 11 bora tu, na kwa hesabu hiyo Senna akawa bingwa kwa 90 dhidi ya 87. Mwaka 1989 Prost akachukua taji. Kwa hiyo anayekwambia Senna alimmaliza Prost anakudanganya. Senna alikuwa na kasi zaidi. Prost alikuwa na hesabu zaidi, aliharibu magari kidogo, alijua siku ya kukubali nafasi ya pili. Mimi ningempa Senna gari nikitaka mzunguko mmoja, au nikitaka mtu wa kuendesha kwenye mvua. Ningekuwa na timu yangu na pesa zangu zote ziko kwenye msimu mzima, ningelala usingizi mzuri zaidi Prost akiwa kwenye usukani.

Suzuka, Japani, ndiko swali lako la pili linakojibiwa. Mwaka 1989, ikibaki mizunguko sita, Senna alijaribu kumpita Prost kwenye kona ya kubana kabla ya mstari wa mwisho. Prost akafunga mlango, wakagongana, magari yakasimama yakiwa yamekumbatiana. Prost akashuka. Senna akasukumwa na wasaidizi wa uwanja, akapitia njia ya dharura, akabadilisha pua ya gari, akamfukuza Alessandro Nannini, akashinda. Akanyang'anywa ushindi kwa kuikwepa kona ile. Rais wa shirikisho la mchezo alikuwa Mfaransa, Jean-Marie Balestre, na Senna aliamini mpaka mwisho kwamba Mfaransa alimlinda Mfaransa. Juu ya kunyang'anywa akatozwa faini ya dola 100,000. Kwa maoni yangu hapo alidhulumiwa.

Mwaka mmoja baadaye, mahali pale pale, Prost akiwa Ferrari, Senna ndiye aliyekuwa mbele kwa pointi. Alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia, lakini nafasi hiyo iliwekwa upande mchafu wa barabara, wenye vumbi na vipande vya tairi, wa pili akiwa upande safi. Aliomba ibadilishwe, ikakataliwa. Akajiapiza kwamba Prost akimtangulia kwenye kona ya kwanza, hatageuza. Taa zikawaka kijani, Prost akatangulia, na Senna hakugeuza. Wote wawili wakaishia kwenye mchanga, vumbi likitimka, kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na magari mengine ishirini na kitu yakija nyuma yao. Taji likawa lake. Mwaka 1991, Balestre akiwa ameshaondoka madarakani, Senna alisema hadharani kwamba alikusudia.

Nimewasikia watu wakilitetea hili kwa kusema alikuwa akilipiza. Mimi silitetei. Gari la nyuma likipanda juu ya tairi kwa mwendo ule, mtu anakufa, na huenda akawa si Prost wala Senna bali msaidizi wa uwanja mwenye bendera. Angeishi mpaka leo awe mzee wa miaka sitini na kitu, angeulizwa swali hili kila wiki, kama Schumacher alivyoulizwa kuhusu Jerez 1997, alipomgonga mpinzani wake wa taji. Hapo ndipo ninaposema kifo kilimfutia makosa.

Na mtu huyo huyo, mwaka 1992 kwenye mazoezi Ubelgiji, aliona gari la Érik Comas limegonga na kubaki katikati ya barabara, dereva amezimia, mguu umekandamiza mafuta, injini inalia. Senna alisimamisha gari lake, akakimbia kwa miguu huku magari mengine yakipita, akaizima injini ile isije ikalipuka, akamshikilia Comas kichwa mpaka daktari akafika. Sijui namna ya kuwapatanisha watu hawa wawili, na sioni sababu ya kumchagua mmoja.

Taji la tatu, la 1991, lina siku moja ninayoipenda kuliko taji lenyewe: tarehe 24 Machi, Interlagos. Alikuwa hajawahi kushinda nyumbani, huu ni mwaka wa nane akijaribu. Akiongoza, gia zikaanza kumkimbia moja baada ya nyingine, mwishoni akabaki na ya sita tu. Fikiria kuingia kwenye kona ya kubana na gia ya juu kabisa bila injini kuzima, halafu mvua inaanza. Riccardo Patrese akamkaribia mpaka sekunde tatu. Senna akamaliza wa kwanza akipiga kelele kwenye redio, mabega na mikono imekakamaa kwa maumivu, wakamtoa kwenye gari kama mgonjwa. Jukwaani kikombe alikinyanyua kwa taabu, mkono ukikataa.

Miaka miwili iliyofuata timu ya Williams walikuwa na gari la enzi nyingine, na McLaren ilizidiwa. Hata hivyo Donington, Uingereza, tarehe 11 Aprili 1993, kwenye maji, aliporomoka hadi wa tano mara baada ya kuanza, na kabla mzunguko wa kwanza haujaisha alikuwa amewapita Schumacher, Wendlinger, Hill na Prost, anaongoza. Wengi husema hiyo ndiyo siku yake kuu. Yeye mwenyewe aliiweka Estoril juu, kwa sababu Donington gari lilikuwa na kompyuta ya kuzuia matairi yasiteleze. Mwaka huo alishinda Monaco mara ya sita, na rekodi hiyo bado haijavunjwa. Ushindi wake wa 41 na wa mwisho ulikuwa Adelaide, Australia, Novemba 1993, mbio za mwisho za Prost. Jukwaani Senna alimvuta Prost akasimama naye juu.

Imola, Italia, alikofia, nitaisema kwa kifupi kwa kuwa umeshaiona. Ijumaa, Rubens Barrichello alinusurika kwenye ajali mbaya. Jumamosi, tarehe 30 Aprili 1994, Roland Ratzenberger wa Austria alikufa, kifo cha kwanza kwenye wikiendi ya mashindano kwa miaka 12. Senna alikwenda kutazama mahali pale. Daktari wa mashindano, Sid Watkins, rafiki yake, alimwambia aache, waende zao kuvua samaki. Alijibu kwamba hawezi kuacha. Jumapili asubuhi, akizungumza kwenye redio ya gari kwa ajili ya televisheni ya Ufaransa alikokuwa akifanya kazi Prost, alimsalimia rafiki yake Alain na kumwambia anamkosa. Kwenye mbio, mzunguko wa saba, kona ya Tamburello, gari lake la Williams, timu aliyokuwa amehamia mwaka huo, lilinyooka. Lilitoka barabarani kwa zaidi ya kilomita 300 kwa saa, akafunga breki, likagonga ukuta likiwa kwenye zaidi ya 200. Kipande cha chuma cha gurudumu la mbele kilipenya helmeti. Alikuwa na miaka 34. Kuhusu chanzo, mahakama za Italia zilibishania kwa miaka mingi bomba la usukani, lililokuwa limekatwa na kuunganishwa upya ili kumpa nafasi ya mikono. Mwaka 2007 mahakama ya juu ilihitimisha kwamba lilivunjika na ndilo lililosababisha ajali, ingawa muda wa kumwadhibu mtu ulikuwa umeshapita. Wapo mafundi wanaoamini mpaka leo kwamba gari liligusa lami kwa tumbo, matairi yakiwa yamepoa nyuma ya gari la usalama, lile linalowatembeza wote taratibu baada ya ajali. Ndani ya gari ilikutwa bendera ya Austria, imekunjwa.

Brazili ilitangaza siku tatu za maombolezo, na Prost alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Julai mwaka huo wachezaji wa Brazili walipochukua Kombe la Dunia kule Pasadena walifungua bango uwanjani la kumkumbuka. Dada yake, Viviane, alianzisha taasisi ya elimu kwa watoto inayofanya kazi mpaka leo. Schumacher alipofikisha ushindi wa 41 pale Monza mwaka 2000, alishindwa kujibu swali kwa kulia. Na Hamilton wako huyo huyo, alipofikia nafasi 65 za kwanza za kuanzia mwaka 2017, namba ya Senna, aliletewa helmeti na familia, akaishika mikono ikitetemeka. Senna alizipata 65 hizo katika mbio 161 tu.

Mataji yanahesabu misimu, na misimu inategemea gari, timu, na kuishi. Usinichukulie mimi kwa maneno. Tafuta video iliyopigwa kutoka ndani ya gari lake Monaco mwaka 1990, mkono mmoja ukiwa kwenye usukani na mwingine kwenye gia. Itazame mara moja. Halafu irudie ukiwa umefumba macho, na usikilize injini kila anapoingia kwenye kona: utausikia mguu ukikanyaga na kuachia, ukikanyaga na kuachia.